Mpiga Gitaa wa Tatu, Upande wa Pili wa Kaseti

Ilikuwa saa tisa na robo alasiri, siku ya Jumamosi, katika ukumbi mmoja wa dansi hapa Lushoto mjini, wakati gitaa langu na gitaa la rafiki yangu Shabani yalipogombana mbele ya watu. Saa hiyo naijua kwa uhakika kwa sababu ukutani kulikuwa na saa kubwa ya duara, na aibu iliponishika niliitazama ile saa ili nisitazamane na mtu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Sasa nimevuka hamsini, mvi zimeingia, lakini mwanangu, nikikumbuka mchana ule damu inanienda mbio kama vile bado niko pale na gitaa begani.

Nakuandikia kwa sababu ya yaliyotokea juzi sebuleni kwangu, wewe na binamu yako. Mimi nilikuwa nje ninachagua mbegu za viazi, dirisha lilikuwa wazi, nikawasikia mnabishana juu ya wapiga gitaa wa Uingereza, wale wa bluzi na wale wa roki. Nani bingwa, nani wa pili, nani hastahili hata kumbebea mwenzake gitaa. Kusema kweli nilitamani kuingia kwa kupitia dirishani! Hoja zangu zilikuwa zimeshajipanga mdomoni, maana huo ubishi nimeufanya mimi kabla baba yako, mdogo wangu, hajaoa. Lakini kabla sijamaliza kunawa udongo mikononi nikasikia mlango umebamizwa, na binamu yako akanipita pale uani bila kuniaga. Mpaka leo hamsemeshani, na bendi yenu ya watu wawili imelala.

Kwa hiyo kaa, nikusimulie ubishi wetu ulikwendaje.

Mimi na Shabani tulisoma sekondari pamoja. Mimi ni wa Mtae, unapajua, ukifungua mlango wa nyuma asubuhi mawingu yako chini yako. Yeye alitoka Mnazi, bondeni, kwenye mpunga na joto. Mimi nililelewa na kwaya na matarumbeta ya kanisani, yeye alilelewa na kaswida na dufu. Kilichotukutanisha ni gitaa la shule lenye nyuzi nne, tulilopokezana mpaka vidole vikaota sugu.

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa kijana Mwingereza aliyekuja kujitolea. Jioni alifungua dirisha akapiga muziki wa kwao. Sisi tuko bombani tunafua, tunasimama na soksi mkononi, maji yanamwagika, hakuna anayefunga bomba. Gitaa la dansi la kwetu tulilijua: linacheka, linazunguka, linakuinua kwenye kiti. Lile la Waingereza lilifanya kitu kingine. Lilishika sauti moja, likaivuta, likaikunja, likakataa kuiachia, mpaka unahisi kifua kinabana. Siku ya kwanza kulisikia sikula chakula cha jioni. Nilibaki pale ukutani nje ya nyumba ya mwalimu mpaka kengele ya kulala.

Mwalimu alipokaribia kurudi kwao alituandalia kaseti mbili zinazofanana, moja yangu, moja ya Shabani. Ndani kulikuwa na wapiga gitaa watatu wa kwao. Tulimwomba majina, akacheka. Akasema, "Sikilizeni kwanza. Mkijua majina mtaanza kuchagua upande." Akatuambia pia kwamba hao Waingereza bluzi hawakuzaliwa nayo. Waliipata kwenye santuri zilizotoka Marekani, za watu weusi ambao wengi wao hawakuwahi kuonana nao. Walikaa vyumbani kwao, wakaweka sindano juu ya santuri, wakarudia na kurudia. Nilifurahi mno kusikia hivyo. Nikaona kumbe hata wao walikuwa kama sisi, watu wa mbali wanaosikiliza kwa mashine.

Kwa vile hatukuwa na majina, tuliwapa. Wa kwanza tulimwita Bwana Kimya, kwa sababu alipiga sauti chache, akanyamaza, na ule unyamavu wake ulikuwa na maneno. Wa pili tulimwita Radi. Huyo gitaa lake lilikwaruza kama jiwe linaloburutwa juu ya bati, akashika kipande kimoja kifupi na kukirudia mpaka ukuta unatikisika. Wa tatu, aliyekuwa upande wa pili wa kaseti, hatukuwahi kumsikia pamoja vizuri. Shule ilifungwa, tukaondoka.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na nataka ufuate taratibu.

Nyumbani kwetu Mtae umeme haukuwepo. Kulikuwa na redio kaseti moja ya baba, na baba alikuwa na sheria ya betri. Betri mpya zinaanza kwenye tochi yake, kwa sababu anatoka alfajiri kufungulia maji ya shamba na njia ni ya ukingoni. Mwanga wa tochi ukianza kuwa wa njano, betri zinahamia kwenye redio, kwa taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Redio ikianza kunong'ona, ndipo betri zinakuwa zangu. Kupiga kaseti kwa betri nzima ilikuwa marufuku. "Kaseti inakula betri kama nguruwe aliyeingia kwenye mahindi," baba alikuwa anasema, na alikuwa sahihi.

Basi zile betri zangu nilizianika juani juu ya jiwe, nikazing'ata ubavuni kama tulivyofanya wote, nikazirudisha, nikasikiliza. Sasa angalia. Redio betri zikichoka sauti inapungua tu, mtangazaji ni yule yule. Kaseti sivyo. Kaseti inazungushwa na mota, na mota ikikosa nguvu inazunguka pole pole, na kila kitu kinashuka: mwendo unashuka na sauti zinakuwa nzito. Leo nayajua haya kwa sababu nilikuja kufungua redio nyingi kwa mikono yangu. Wakati ule sikuyajua. Redio ilisema kweli kila jioni, sikuwa na sababu ya kudhani kaseti ndani ya mashine ile ile inasema uongo.

Kwa hiyo yule wa tatu mimi nilimsikia akiomboleza. Kila sauti ilichukua muda wake, ikapinda, ikadondoka. Nilimwita Mzee Machozi. Nilimpenda kuliko wote! Nililegeza nyuzi za gitaa langu ili zikutane na kaseti, zikalegea mpaka zikawa zinagonga mbao, na nikajifunza kila mkunjo wa vidole vyake, hata pale anapoutikisa uzi kidogo mwishoni kama mtu anayemeza kilio. Mama akawa anauliza kama kuna msiba tusioambiwa.

Mwezi wa pili baada ya kumaliza shule nilikutana na Shabani kwenye gulio la Lukozi. Mimi nimeshusha kabichi, yeye amepandisha mchele.

"Yule wa tatu umeshamshika?" aliniuliza, hata salamu hazijaisha.

"Mzee Machozi? Namjua kama njia ya kwetu."

"Nani?"

"Mzee Machozi. Yule anayelia."

Shabani alicheka mpaka akaegemea gunia. "Mgosi, yule halii! Yule ni cherehani. Trrrrr! Anashona mpaka huoni sindano. Mimi namwita Cherehani."

"Wimbo wa tatu?"

"Wa tatu, upande wa pili. Unaoanza na ngoma peke yake."

"Huo huo. Huyo anakwenda kama mtu anayefuata jeneza."

"Zaka, baridi ya Mtae imekuingia masikioni."

"Na wewe jua la Mnazi limekuivisha ubongo."

Mama mmoja aliyekuwa akiuza karoti karibu yetu aligeuka. "Huyo mnayemgombania ni nani? Mjomba wenu?"

"Ni Mwingereza, mama."

"Anawajua?"

"Hapana, mama."

"Haya, endeleeni," akasema, akarudi kwenye karoti zake.

Tungecheka hapo na kuagana vizuri. Lakini nilimwambia Shabani kwamba anapenda mbio kwa sababu hana moyo wa muziki, ana vidole tu. Naye akaniambia mimi nimezaliwa kwa ajili ya mazishi, na kwamba mtu atakayenialika kwenye sherehe atajuta. Mwanangu, maneno kama hayo hayakuhusu tena Mwingereza yeyote. Tulikuwa tunatukanana sisi. Kila mmoja akabeba magunia yake akaenda zake, na hakuna aliyefikiria jambo dogo kabisa: kukaa mahali pamoja na kaseti moja.

Wiki chache baadaye ujumbe ukaja kwa utingo wa basi. Mzee Kaniki ananiita. Yeye alikuwa kiongozi wa bendi ya dansi ya hapa mjini, mpiga tarumbeta, mtu aliyejifunzia kanisani akahamia ukumbini bila kugombana na kanisa. Wapiga gitaa wake wawili walikuwa wamekwenda Dar es Salaam, wamenogewa, hawarudi, na dansi kubwa la mwisho wa mwaka lilikuwa linakaribia. Alikuwa amesikia kuna vijana wawili walioshika gitaa shuleni. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: njooni wawili, pigeni wimbo mmoja wa kigeni pamoja. "Sitafuti mabingwa," alisema. "Natafuta magitaa mawili yanayosikilizana. Wakishindwa, warudi wote wawili. Kuna vijana wa Korogwe wanasubiri."

Elewa maana yake kwetu. Mimi baba alikuwa ameshanipimia shamba la viazi. Shabani alikuwa ametafutiwa kazi Magoma kwenye mashine ya kukoboa. Hakuna ubaya wowote katika viazi wala katika mashine, viazi vimekusomesha wewe. Lakini tulikuwa na miaka kumi na tisa na tulitaka gitaa kuliko hewa, na mlango ulikuwa mmoja tu, na haukupitika na mtu mmoja. Pamoja na hayo hatukukutana hata mara moja kufanya mazoezi. Kiburi. Kila mmoja alijifungia kwao akisema moyoni, atanikuta nimeiva, ataona mwenyewe.

Jumamosi ikafika. Nilipanda basi la alfajiri kutoka Mtae, gitaa nimelifunga kwenye kitenge cha mama. Shabani nilimkuta tayari ukumbini. Tulimwamkia Mzee Kaniki, "Shikamoo mzee," naye akaitikia, akatuangalia kwa miwani yake.

"Nyie ndio wa kaseti? Haya, mnapiga nini?"

"Wa tatu, upande wa pili," tulijibu kwa sauti moja, kisha kila mmoja akamkata mwenzake jicho.

"Linganisheni nyuzi kwanza."

"Langu liko sawa, mzee. Nimelilinganisha na kaseti."

"Na langu nimelilinganisha na kaseti, mzee," alisema Shabani. "Hiyo hiyo."

Mzee Kaniki aliinua nyusi, akaashiria tuanze. Mpiga ngoma akatoa ule mwanzo. Tukaingia.

Hakuna njia ya heshima ya kukueleza kilichosikika. Shabani alikuwa ameshafika mwisho wa ubeti wakati mimi natoka kwenye sauti ya pili. Na hata pale tulipokutana kwa bahati, sauti zetu zilikataana: langu zito, linaburuta tumbo chini, lake jembamba, liko juu kwenye dari. Mpiga ngoma aliweka fimbo zake chini polepole, kama mtu anayeweka yai. Nyuma kwenye viti mtu akaanza kukohoa kikohozi cha kicheko. Hapo ndipo nilipoitazama saa.

"Hilo si gitaa," Shabani alisema, "hilo ni ng'ombe anaumwa tumbo."

"Na la kwako ni mbu ndani ya kopo!"

"Umeharibu, Zaka! Umetumaliza wote wawili!"

"Nani kaharibu? Nani alikuwa anakimbizwa?"

Mzee Kaniki alichukua tarumbeta lake, akapuliza sauti moja ndefu, imenyooka, imejaa ukumbi mzima. Akalishusha. "Nitafutieni hii."

Nilitafuta kwenye uzi ambako nilijua ipo. Haikuwepo. Shabani naye akatafuta, akaikosa kwa upande wa pili, juu. Tulitazamana kwa mara ya kwanza siku ile bila hasira, kwa woga.

"Tarumbeta hili," alisema mzee, "halijui Mtae wala Mnazi. Kaseti mnazo?"

Tulikuwa nazo, kila mmoja mfukoni, maana kila mmoja alikuja na ushahidi wake. Mzee akachukua ya kwangu, akaipeleka kwenye mashine yake iliyochomekwa umeme wa ukutani, akaizungusha mpaka wimbo wa tatu, akabonyeza.

Mwanangu! Nimejaribu mara nyingi kuieleza hali ile na sijawahi kuridhika. Ngoma ikaanza. Kisha akaingia mtu ambaye sikuwahi kumsikia maishani. Hakuwa Mzee Machozi. Nikamgeukia Shabani nione anavyofurahi kwamba ameshinda, nikakuta mdomo wake uko wazi kama wangu. Hakuwa Cherehani pia! Alikuwa mtu anayetembea, anayetembea kwa maringo, mabega yamelegea, anajua anakokwenda, na pale unapodhani atakimbia anasimama, na pale unapodhani amesimama anarusha sauti tatu kama mtu anayerusha sarafu hewani na kuidaka bila kuangalia. Vinyweleo vilinisimama mikono yote miwili. Mpiga ngoma akasema, "Lo!" na akaokota fimbo zake bila kujua.

Mzee akaweka kaseti ya Shabani. Mtu yule yule. Akazima.

"Wewe, kwenu redio inatumia nini?"

"Betri, mzee."

"Betri za nani?"

"Za tochi ya baba. Zikishachoka."

Ukumbi ulicheka. "Na wewe?"

"Betri ya gari, mzee," alisema Shabani kwa unyenyekevu ambao sikuwa nimeuzoea. "Kaka yangu aliunganisha waya."

"Kwa kipimo gani?"

"Aliongeza mpaka ikanguruma vizuri."

Ukumbi ukacheka zaidi, maana betri ile ilikuwa inaikimbiza mota kupita kiasi. Mzee Kaniki hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwenye shati, na aliyoyasema nayakumbuka neno kwa neno.

"Vijana, mmetupiana matusi kwa ajili ya betri. Hakuna kati yenu aliyewahi kumsikia mtu huyu. Mlizisikia redio za kwenu, na kila mmoja akaapa kwa redio ya kwao. Hilo si kosa, mtu anasikiliza kwa alichonacho. Kosa ni kwamba rafiki yako, ambaye unajua ana masikio, amekwambia amesikia kitu tofauti, na wewe badala ya kumwambia nisikilizishe, ukamwambia ubongo wake umeiva. Naambiwa yote, gulioni kuna watu." Akavaa miwani. "Nendeni chumba cha nyuma. Saa kumi na mbili nafunga ukumbi. Msiniletee Mwingereza, Waingereza wapo wa kutosha. Nileteeni kitu mlichokisikia wote wawili."

Chumba cha nyuma kilijaa kreti za soda. Tulikaa juu yake. Nikaanza kukaza nyuzi zangu kuzipandisha kuelekea sauti ya tarumbeta, na kwa vile zilikuwa zimelegea kwa miezi, na kuukuu, uzi wa kwanza haukuvumilia. Ulikatika ukanichapa kidole. Sikuwa na mwingine, na gitaa la solo bila uzi wa kwanza ni kama kisu kisicho na ncha. Nikaona shamba la viazi likinifuata mpaka pale.

Shabani akaniangalia. Akatoa mfukoni mwa shati kipande cha waya wa breki ya baiskeli, akachambua nyuzi zake kwa meno, akachagua mmoja, akalivuta gitaa langu magotini kwake akaufunga. "Kule Mnazi nyuzi za kwanza ndizo zinazonikatikia kila wiki," alisema, "kwa sababu ya yule kichaa anayekimbia." Nikacheka. Akacheka. Tukacheka mpaka kreti zikalia.

Kisha tukafanya kazi, na hapa sikiliza vizuri, maana ni sehemu ninayoipenda kuliko zote. Yale makosa yetu yalikuwa na faida! Mimi niliyemsikia pole pole nilikuwa nimesikia vitu ambavyo kwa mwendo wa kweli vinapita kabla hujaviona: uzi unaanzia chini kidogo ya sauti yake ndipo unapandishwa, kidole kinatikisika kuelekea mwisho na si mwanzo. Shabani hakuwa anayajua hayo kabisa. Yeye aliyemsikia mbio, vidole vyake vilizoea kasi isiyo ya kibinadamu, kwa hiyo mwendo wa kweli ulikuwa kwake kama kushuka mlima mikono mitupu. Nilimwonyesha mikunjo. Akanionyesha jinsi ya kuhama bila kuacha pengo. Tuligombana tena, mara mbili, lakini sasa tuligombana tukiwa tumeinamia gitaa moja.

Tulirudi ukumbini jua limeshaanza kujificha nyuma ya mlima. Mpiga ngoma akaanza. Tukaingia pamoja. Sitakudanganya kwamba tulipiga kama yule Mwingereza. Uzi wa breki ulikwaruza, na kipande cha kati nilikisahau nikakizunguka kwa kitu cha kwaya. Lakini katikati ya ule wimbo Shabani akageuza mkono wake akaingiza mwendo wa dansi chini yangu, mwendo wa kwetu kabisa, na bluzi ile ikasimama juu yake kama iliyowekewa kiti. Mzee Kaniki akainuka, akachukua tarumbeta, akaingia bila kuombwa. Watu wa kwenye viti wakasukuma viti. Walicheza, mwanangu! Walicheza wimbo ambao saa chache kabla niliupiga kama msiba.

Tulipomaliza mzee alitafuta leso akajifuta shingo. "Wa Mtae, solo," alisema. "Wa Mnazi, rithimu. Jumamosi ijayo mnabadilishana. Na kila mwezi mnalala siku moja kwangu, mnasikiliza kwa mashine ya ukutani."

Tulipiga naye mpaka alipostaafu. Shamba la viazi nililima pia, siku za kazi.

Sasa nirudi kwenye ubishi wako, maana sitaki udhani nawakataza kulinganisha. Kulinganisha ni raha kubwa! Majina ya wale watatu nimekuja kuyajua, nimewasikiliza kwa miaka na mashine mbalimbali, na nina msimamo. Siyaandiki majina, kwa sababu ile ile ya mwalimu wangu. Lakini nimejifunza kwamba ukiuliza "nani bora" unapata kelele, na ukiuliza "bora kwa lipi" unapata elimu. Kwa mkono wa kushoto, kwa namna anavyoupinda uzi na kuurudisha, yule wa tatu hana mwenzake kati yao. Kwa kujua wakati wa kunyamaza, Bwana Kimya anawazidi wote, na hilo ndilo gumu kuliko mengine, jaribu tu uone vidole vinavyowasha. Radi, mliyemkejeli juzi kwamba anajua vitu viwili tu, ana kitu ambacho wawili wale hawana: msikilize mpiga ngoma wake, msikilize mpiga besi. Kila aliye karibu naye anapiga vizuri kuliko kawaida yake. Ukinilazimisha kuchagua mmoja wa kuingia naye ukumbini Jumamosi, nitamchukua Radi, na Shabani akisoma haya atanipigia simu kunitukana kwa upendo.

Basi nasaha zangu ni hizi. Kabla hujamhukumu mpiga gitaa, au mtu yeyote, jiulize unamsikia kwa mashine gani. Simu yako inakata sauti nzito zote, na binamu yako anasikiliza kwa hedifoni zinazoziongeza, ndiyo maana yeye anamsifu mpiga besi ambaye wewe huamini kama yupo. Niliwasikia. Mtu unayemheshimu akisema amesikia kitu ambacho wewe hukukisikia, mwombe akusikilizishe kabla ya kumjibu. Msifu unayempenda kwa alichofanya, usimsifu kwa kumtukana wa mwenzako, kwa sababu yule wa mbali hataumia, ataumia aliye mbele yako. Na usiaibikie kusikia vibaya mwanzoni. Kuna ulichokisikia katika kusikia vibaya huko, kipeleke kwa mwenzako, kinaweza kumfaa. Mfuate binamu yako leo, usingoje akufuate, wewe ndiye mkubwa.

Mungu akulinde, mwanangu, akulainishie masikio na akuimarishie vidole. Akupe nyuzi zisizokatika kabla ya wimbo kwisha. Akupe wazee wa kukukemea ukiwa bado unaweza kusikia, na kila utakaposimama mbele ya watu akuwekee ubavuni mtu wa kubishana naye usiku kucha, ambaye alfajiri bado atakupa sauti ya kuanzia. Amina.